Kabla mtoto hajashika msasa

Kama kijana wako ameanza kukuonyesha video za watu wanaounda kwa mikono ubao wa kuteleza juu ya mawimbi, usimkatize. Ni kazi nzuri ya likizo, ila ina jambo moja la kiafya ambalo video nyingi hulipita haraka.

Asili yake ni Hawaii. Katika miaka ya 1920, Mmarekani Tom Blake aliiga mbao za kale zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Bishop, Honolulu. Zilikuwa ndefu na nzito mno. Akautoboa ubao wake mamia ya matundu kuupunguzia uzito, kisha akaufunika kwa mbao nyembamba. Mwaka 1932 alipata hataza ya ubao wenye uwazi ndani.

Siku hizi fundi hukata uti wa plaiwudi, hupanga mbavu zake kama mataruma ya jahazi, hubandika mbao nyembamba juu na chini, kisha huranda na kupiga msasa kwa siku nyingi. Mwisho huweka tundu dogo lenye kizibo, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani hutanuka juani na inaweza kupasua maungio.

Tatizo liko kwenye zile siku za msasa. Mbao inayopendwa kwa kazi hii, mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini, inajulikana kwa kusababisha pumu kwa mafundi. Huku kwetu mvule nao una sifa hiyo, na huwasha ngozi. Kwa hiyo yanayofuata yanamhusu pia mtoto anayeshinda karakana ya mjomba akijifunza kutengeneza stuli.

Pumu ya vumbi hujificha. Kikohozi au kubanwa kifua huweza kuja usiku, saa kadhaa baada ya kazi, na kutulia siku za mapumziko. Nyumbani tunasema ni baridi. Kumbe kadiri mtu anavyoendelea kulivuta vumbi, ndivyo kupona kunavyozidi kuwa kugumu.

Mzazi, zingatia haya:

• Msasa upigwe nje, penye upepo. Barakoa iwe ya N95 inayokaa vizuri puani. Leso haizuii vumbi laini.

• Vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Ukifagia pakavu unalirudisha hewani.

• Gundi ya epoksi ishikwe kwa glavu za naitraili. Ikigusa ngozi, osha kwa maji na sabuni, kamwe si kwa thina. Mzio wake ukishaanza, huweza kubaki maisha yote.

• Mtoto mwenye pumu asipige msasa wala kukaa karibu unapopigwa. Apime, achore, apange mbavu; hesabu yote iko huko.

• Baba aliye seremala abadili nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto.

Hakuna haja ya hofu. Saratani ya pua inayohusishwa na vumbi la mbao huonekana zaidi kwa waliolivuta kazini kwa miaka mingi, si kwa kijana wa ubao mmoja. Lakini kikohozi cha usiku kisichoisha kinahitaji daktari. Ukifika, usiishie kusema mtoto anakohoa. Mwambie anafanya kazi gani, na kwa mbao ya mti gani.