BARUA TOKA NG'AMBO: Baridi, Miguu na Magitaa

Ninawaandikia tena toka Katowice, inchi ya Polandi.

Mama mmoja wa upande wa Masisi alituma ulizo: "Wewe unatuandikia kila mara juu ya kazi na masomo. Lakini watoto wetu walio Ulaya, wakitoka kazini wanafanya nini? Wanatembea wapi? Wanasikiliza nini?" Mama, ulizo lako ni zuri, na ninajua linatoka wapi. Mama yangu mzazi, anayekaa Goma, aliniuliza vile vile, na kwa miaka mingi nilimjibu nusu tu. Leo nitajibu yote.

Nianze na baridi. Sisi wa Goma tunafikiri tunaijua, kwa sababu usiku wa mvua tunavaa pulovere. Kumbe! Hapa mwezi wa kwanza maji ya barabarani yanaweza kuwa magumu kama kioo, na ukivuta hewa, nywele za ndani ya pua zinashikamana. Theluji ni ule weupe tunaouona mara moja moja asubuhi juu ya Karisimbi, isipokuwa hapa inashuka mpaka mlangoni pako. Lakini baridi inazoeleka. Kinachomshinda mgeni ni giza. Katika mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi ya mchana, saa ambayo huko kwetu mama wa sokoni wangali wanapanga sambaza mezani. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilikuwa ninatoka kazini, ninafunga mlango, ninalala na simu juu ya kifua. Zilipita wiki tatu bila mtu hata mmoja kuita jina langu.

Aliyenitoa ndani ni jirani, mzee mchimbaji aliyepata pansheni. Alifanya kazi chini ya udongo miaka 25, katika makaa ya mawe. Siku moja akagonga, akauliza jina langu, akalisema vibaya, kisha akasema: "Vaa viatu." Daktari alikuwa amemwambia atembee kila siku kwa ajili ya mapafu yake, naye hakutaka kutembea peke yake. Akanifundisha: soksi mbili, kofia inayofunika masikio, na juu ya barafu utembee kama bata, hatua fupi, miguu imefunguka kidogo. Nilicheka. Siku iliyofuata nikatembea kama mtu wa Goma, nikaanguka mbele ya kituo cha tramu, watu wote wakiona. Tangu pale ninatembea kama bata.

Ninyi mnaokaa karibu na mashimo ya kazi mngependa njia zetu. Katikati ya mji kulikuwa na mgodi mkubwa wa makaa, uliofungwa mwaka 1999. Mnara wa chuma uliokuwa ukishusha watu chini ungali unasimama, na tangu 2015 mahali pale kuna makumbusho. Kando yake walijenga jumba la okestra, lililofunguliwa 2014. Tukienda mbali zaidi tunafika katika mbuga ya Chorzów, yenye miti na vidimbwi, hekta mia kadhaa. Zamani ilikuwa inchi iliyoharibiwa na migodi na viwanda, marundo ya takataka tu. Tangu miaka ya 1950 waliisawazisha, wakaleta udongo, wakapanda miti, na raia wengi walifanya kazi ile kwa mikono yao, sawa na salongo yetu. Kila mara nikipita pale ninafikiri vilima vya Rubaya vilivyobaki vyekundu, bila jani.

Tena kuna harufu. Jioni ya baridi, nyumba za zamani zikiwasha makaa, hewa inakuwa kama jikoni penye babula tatu. Siku nyingine redio inashauri wazee na watoto wasitoke. Tangu 2017 jimbo hili liko na sheria ya kuondoa majiko ya zamani kidogo kidogo. Na migodi yenyewe inahesabiwa siku: mwaka 2021 serikali na sendika za wachimbaji walitia sahihi mapatano kwamba mgodi wa mwisho utafungwa 2049. Mzee wangu hapendi tuzungumze habari hiyo. Anasema tu kwamba shimo hata likifungwa ni lazima liendelee kuvutwa maji, la sivyo maji yatahamia kwa jirani.

Kwa nini mtu huyu hakuniogopa? Nilimwuliza. Akasema shangazi yake alikuwa mtoto wa Afrika. Mimi nikadhani ni mzaha. Kumbe wakati wa vita kuu ya pili, maelfu ya Wapolandi waliohamishwa kwa nguvu na Warusi mpaka Siberia walitoka kule kwa njia ya Irani, na tangu 1942 wakapokelewa katika kambi za Afrika ya Mashariki. Moja ya kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wengi baadaye walikwenda Uingereza, Kanada na Australia, na shangazi yake alikuwa kati ya wachache waliorudi. Alimwachia mpwa wake neno moja la lugha yetu, na mzee analitumia tukifika penye barafu: "Pole pole." Fikirini: mimi mtoto wa Goma ninaambiwa pole pole na mzungu katikati ya theluji!

Tarehe 4 ya mwezi wa 12 ni sikukuu ya wachimbaji, siku ya Barbara Mtakatifu. Wanaiita Barbórka. Katika Nikiszowiec, kijiji cha matofali mekundu kilichojengwa kwa ajili ya wachimbaji zaidi ya miaka mia iliyopita, bendi ya matarumbeta inapita asubuhi mapema, giza lingalipo, ikiamsha watu. Wachimbaji wanavaa nguo nyeusi za heshima na kofia yenye manyoya: meusi kwa mchimbaji, meupe kwa wakubwa wa kazi, mekundu kwa wapiga muziki. Nilipoona mara ya kwanza nilijiuliza: kwetu mchimbaji anavaa nguo gani ya heshima, na nani anampigia tarumbeta?

Sasa nije kwa muziki, pale nilipomjibu Mama nusu.

Mama alisikia kwa watu kwamba rock ni muziki wa mashetani. Akaniambia katika simu: "Mutoto wangu, ile muziki usiendake. Itakuharibia kichwa." Nikamjibu: "Mama, mimi ninatembea tu na mzee mmoja." Haikuwa uongo. Ila sikumwambia tulikuwa tunatembea kwenda wapi.

Karibu na ule mgodi wa zamani kuna ukumbi wa mviringo unaoitwa Spodek, maana yake kisahani cha kikombe, uliofunguliwa 1971. Unaingiza watu karibu 11,000. Mwaka 1987, tarehe 10 na 11 ya mwezi wa pili, wakati Polandi ingali chini ya wakomunisti, kikundi cha Metallica toka Marekani kilipiga pale usiku mbili. Mzee wangu alienda moja kwa moja toka kazini, vumbi la makaa lingali kwenye kope zake kama wanja. Mpaka leo anahadithia usiku ule sawa na mtu anayehadithia arusi yake.

Konsere yangu ya kwanza niliweka pamba masikioni. Rumba inakushika mkono. Rock inakusukuma kifuani. Vijana mbele walikuwa wanarukiana kama mbuzi, nami nikasema Mama alikuwa na haki. Halafu mmoja akaanguka. Papo hapo wote waliomzunguka wakasimama, wakafungua mikono, wakamwinua, mmoja akamtafutia miwani yake. Kisha wakaendelea kurukiana. Sitawadanganya: bia ni nyingi, na kuna wanaomaliza usiku wamelala chini. Na muziki huu uko na makaburi yake. Kikundi kinachopendwa sana na watu wa huku ni Dżem, kilichoanza 1973 katika mji wa Tychy, hapa jirani. Mwimbaji wao, Ryszard Riedel, alikuwa na sauti ambayo hata asiyejua lugha inamshika. Madawa ya kulevya yalimmaliza, akafa tarehe 30 ya mwezi wa saba 1994, akiwa na miaka 37. Vijana, msiruke mstari huu.

Lakini kuna siku moja ambapo magitaa yanafanya kazi nyingine. Tangu 1993, kila mwaka katika mwezi wa kwanza, bwana mmoja wa redio anayeitwa Jerzy Owsiak anaongoza kile wanachokiita Okestra Kubwa ya Msaada wa Sikukuu. Siku ya Mungu moja, vijana wa kujitolea wanatembea barabarani na visanduku. Ukitia pesa, hata sarafu moja, wanakubandika moyo mwekundu wa karatasi kwenye koti. Katika miji mingi kuna konsere kwenye uwanja, bure. Pesa zinanunua mashine za hospitali, zaidi za watoto, na mashine zinabandikwa ule moyo. Saa mbili ya usiku watu wanainua taa, wanaita "mwanga kwa mbingu". Mwaka 2019, katika mji wa Gdańsk, saa hiyo hiyo, mtu alipanda jukwaani na kisu akamchoma meya, Paweł Adamowicz, ambaye alikufa kesho yake. Wengi walidhani okestra itakwisha. Mwaka uliofuata vijana walitoka tena na visanduku.

Katika mwaka 2025 siku hiyo iliangukia tarehe 26 ya mwezi wa kwanza. Watu wa Goma hawana haja niwakumbushe tarehe hiyo.

Vita ilikuwa imekwisha pita Sake. Saa sita ya mchana Mama alituma sauti: "Leo hatukuenda kanisa. Mulio iko karibu. Umeme hakuna. Tuko ndani ya nyumba." Kisha kimya. Kila kijana anaijua ile alama moja kwenye simu, ya ujumbe uliotoka usifike. Nilituma mara tano, alama moja, mara sita, alama moja. Mzee akagonga. Nikasema siendi popote. Akajibu: "Simu yako inaita upesi zaidi ukiwa umekaa?"

Tukaenda kwa miguu. Nilitia sarafu, nikabandikwa moyo. Kwenye uwanja kikundi cha vijana kilianza wimbo mmoja wa Dżem, na watu wote, wamama na watoto mabegani, wakaimba toka mwanzo mpaka mwisho bila kukosa neno. Mzee naye. Nikamwuliza wanasema nini. Akasema: "Ni barua. Mtoto anamwandikia mama yake." Wimbo unaitwa List do M., maana yake barua kwa M.

Ndugu zangu, pale nilishindwa kusimama wima. Niliinua simu na kusema ndani: "Mama, uko wapi? Nijibu. Mama, uko wapi?" Alama moja. Saa mbili ikafika, watu wakainua taa zao. Goma ilikuwa saa tatu ya usiku, katika giza bila umeme, na usiku ule waasi waliingia mjini.

Siku mbili hizo nilitembea. Sikuweza kukaa. Mzee alitembea nami, pole pole, bila kusema mengi. Mara moja tu alisimama, akanihadithia mgodi wa Halemba, mwezi wa 11 mwaka 2006, gesi ilipolipuka na wachimbaji 23 wakafa. Jamaa zao walingoja mlangoni mwa mgodi. Alikuwa mmoja wa waliosimama pale. "Walioweza ni wale waliozunguka-zunguka," akasema. "Waliokaa chini hawakuinuka vizuri." Hakuniambia kila kitu kitakuwa salama. Nilimshukuru kwa hilo. Habari zilikuwa zinasema hospitali ya Ndosho imejaa majeruhi, nami kila picha niliitazama nikitafuta kitenge ninachokijua.

Jumatano saa nne ya asubuhi, nikiwa kazini, simu ikalia mara moja. Halafu alama zote zilizokuwa moja zikawa mbili, kwa mfululizo, kama mvua ikianza juu ya mabati. Nikatoka nje bila koti.

"Mwanangu, tuko bazima. Tulilala chini ya kitanda, siye na majirani, watu kumi na mmoja. Dirisha limevunjika. Unga iko, maji ndiyo hakuna, watoto wanachota ku ziwa. Nilipata moto ya simu kwa muntu mwenye soleri. Nimesikia sauti zako zote." Akanyamaza kidogo. "Sasa niambie. Ile makelele nyuma yako ulipokuwa unalia, ni nini? Uko unalia na watu wanaimba?"

Basi nikamwambia yote: ukumbi wa kisahani, mzee na wanja yake ya makaa, visanduku, moyo wa karatasi, barua kwa mama. Alisikiliza bila kunikata, jambo ambalo si la kawaida yake. Mwishoni akauliza kama zile mashine zinasaidia watoto kweli, au wakubwa wanakula pesa. Nikamwambia nimeziona mwenyewe katika hospitali, na moyo umebandikwa.

Mwaka uliofuata, siku chache mbele ya siku ile, yeye ndiye aliyenikumbusha. "Tia na sarafu yangu," akasema. "Lakini usisimame karibu na zile bafle."