Wimbo wa Wanafunzi ni Mali ya Nani?

Madibira ni nchi ya mpunga. Mashamba yake ya umwagiliaji, yapatayo hekta 3,000, hunyweshwa na mto Ndembera, nayo yako katika Wilaya ya Mbarali, pale ambapo Mkoa wa Mbeya unapakana na ule wa Iringa. Ni mahali ambapo mtoto wa shule hujua kuamia ndege kabla hajajua kuandika jina lake. Lakini mtoto huyo huyo leo anaijua pia kamera. Kama ilivyo katika shule nyingi nchini, wanafunzi wanapotunga wimbo wa kuagana na kidato cha nne, hawaridhiki tena na kuuimba mbele ya wazazi na kupigiwa makofi. Wanataka upigwe picha, uonekane.

Hapana shaka wako watu wazima wanaolidharau jambo hilo na kuliita mchezo. Hao hawajaiona siku yenyewe. Wimbo huwa umekwisha kurekodiwa kabla, kwa hiyo siku ya picha hupigwa kwa kipaza sauti, na waimbaji hufuatisha maneno kwa midomo, sentensi ile ile, hatua ile ile, mara saba, mara kumi, kwa sababu upepo umepeperusha shuka au mmoja wao amecheka. Kazi huanza alfajiri, maana mwanga wa asubuhi ni laini na ule wa saa sita huzitia nyuso vivuli vibaya. Mwanafunzi mmoja hushika ubao mweupe wa kurudisha mwanga, mwingine huhesabu vipande vilivyokwisha kupigwa, mwingine huzuia ng'ombe wasipite ukingoni mwa mfereji. Wimbo wa dakika nne unaweza kumaliza siku nzima. Jioni miguu imejaa tope, sauti zimekauka, na vijana wamejifunza jambo ambalo ni vigumu kulifundisha ubaoni: kwamba kinachoonekana chepesi machoni pa mtazamaji kimetengenezwa kwa jasho na kwa utaratibu.

Muziki wenyewe si mgeni Madibira. Wamisionari Wabenediktini walifika huko mwishoni mwa karne ya 19 na kuleta nyimbo zao za kanisa, nao waliwakuta wenyeji wakiwa na ngoma zao. Kijana aliyeimba katika kwaya zamani alimaliza wimbo akaenda nyumbani, na wimbo ukabaki vichwani mwa waliousikia. Kijana wa leo akimaliza kuimba, sura yake, sare yake na nembo ya shule yake huondoka na mpiga picha.

Ni dhahiri kwamba hofu ya wazazi ina msingi. Mwaka 2023 picha za wanafunzi wakicheza wimbo wa mapenzi katika eneo la shule zilienea katika simu nchini kote, na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ikapiga marufuku shuleni nyimbo zisizozingatia maadili. Katazo lile lilikuwa la haki. Lakini katazo peke yake ni sawa na shamba lililong'olewa magugu na kuachwa bila mbegu. Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kutangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba waliosoma walijua kucheza rumba na chachacha, lakini ni wachache waliojua hata jina la gombesugu au lelemama. Hakuishia katika kusikitika. Aliunda chombo cha kufanya kazi.

Na isidhaniwe kwamba kila wimbo wa mwanafunzi ni lazima uwe wa jembe na mavuno. Nyimbo za namna hiyo, zinapotungwa kwa amri, hunuka wino wa ofisi. Mwanafunzi ana haki ya kuimba juu ya mama yake, juu ya hofu ya mtihani, hata juu ya huzuni ya kuachana na rafiki. Linalotakiwa ni kwamba maneno yawe yake, yasiwe kasumba iliyookotwa mahali pengine.

Hata hivyo, wanaobishana juu ya maneno na viuno husahau swali kubwa zaidi, nalo ni la mali. Mara nyingi mwenye kamera hutoka mjini. Huja na wazo lake, huhitaji watoto hamsini waliovaa sare wakimbie nyuma ya mwimbaji wake, na jioni huwagawia soda moja moja, na soda yenyewe ni ya moto. Kisha picha huwekwa katika mtandao wa YouTube kwa jina lake. Yakiwamo matangazo ya biashara, malipo humwendea mwenye ukurasa. Mtunzi wa maneno, ambaye huenda ni msichana wa kidato cha tatu, hatajwi hata jina. Unyonyaji wa namna hii hauna tofauti na ule wa mlanguzi anayeununua mpunga ungali shambani, isipokuwa kwamba mpunga huota tena msimu ujao, na sura ya mtoto ikishasambaa hairudi.

Sheria zipo. Ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na pia mwimbaji na mchezaji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, nayo inampa haki ya kutoa maoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeleta kinga nyingine. Lakini sheria hizo ziko katika makabati ya mjini, na mwalimu wa shule ya kijijini hutakiwa kutoa ruhusa akiwa amesimama uwanjani, huku gari la wageni likiunguruma.

Ruhusa itolewe kwa maandishi, kabla ya siku, na wazazi wakiwapo. Karatasi moja yatosha: nani ametunga, nani atauonyesha wimbo na wapi, malipo yakija yatagawanywa vipi, na mwanafunzi asiyetaka sura yake ionekane atashika kazi gani nyingine. Mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta mkondo wa amali, na sanaa bunifu imo ndani yake. Basi siku ya picha ihesabiwe kuwa somo, iwe na mwalimu anayehusika, na wanafunzi washike kamera wenyewe japo kwa zamu. Na jioni, kabla gari halijawashwa kurudi mjini, nakala ya picha zote ibaki mikononi mwa shule.