Kabla ya kinu cha nyuklia, tuulize ukubwa wa gridi yetu

Tangu Kilifi na Kwale zitajwe kuwa huenda kinu cha kwanza cha nyuklia nchini kikajengwa huku kwetu, Pwani tumegawanyika kambi mbili. Kuna wanaosikia nyuklia wakaona Chernobyl na Fukushima, na kuna wanaosikia nyuklia wakaona ajira na barabara ya lami. Watu wa Uyombo, kijiji cha wavuvi karibu na hori ya Mida, walikataa, na Mei 2024 waliandamana hadi wakakabiliana na polisi. Mwaka 2025 serikali ikaanza kuitaja Siaya, kando ya Ziwa Victoria, na wengi wetu tukashusha pumzi. Naona tumezishusha mapema. Kinu kikijengwa Siaya, deni lake litalipwa na mwenye kununua tokeni Kongowea vilevile.

Tuseme haki kwanza. Kinu cha nyuklia hakitoi moshi. Ukihesabu vifo kwa kila kiasi cha umeme unaozalishwa, makaa ya mawe yanaua watu wengi mno kuliko nyuklia, tena kimyakimya, kwa hewa chafu. Wenzetu wa Lamu walilijua hilo, wakapigana mpaka Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa makaa wa megawati 1,050. Tena nyuklia haingojei jua wala haingojei kusi na kaskazi, hufanya kazi usiku na mchana. Anayeniambia ni bora kuliko makaa, namkubalia.

Shida yangu ni ukubwa. Mpango uliotangazwa ni kinu cha megawati 1,000, ujenzi uanze 2027 na umeme upatikane 2034. Nchi nzima, saa za jioni ambapo kila mtu amewasha taa na televisheni, tunatumia zaidi ya megawati 2,300. Wataalamu wa umeme duniani wana kanuni ya kawaida: mtambo mmoja usizidi takriban asilimia 10 ya gridi, kwa sababu siku ukizima ghafla lazima mingine iwe tayari kushika nafasi yake papo hapo. Kwa kanuni hiyo, kinu cha 1,000 kinataka gridi ya 10,000. Hata mahitaji yetu yakiongezeka maradufu kufikia 2034, mtambo huo mmoja bado utakuwa zaidi ya moja ya tano ya gridi. Wazee husema mtu hujikuna ajipatapo.

Na hili si la vitabuni. Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea ghafla kwa umeme wa mtambo wa upepo wa Turkana, kama megawati 270. Wenye mtambo wakakanusha, wakasema ni gridi iliyowaondoa wao. Yeyote aliyekuwa mkweli kati yao, nchi ilianguka, na tunazungumzia 270, si 1,000.

Sasa tazama tulicho nacho. Olkaria imetoa umeme wa mvuke tangu 1981, na leo mvuke wa ardhini, ukiwa na uwezo wa karibu megawati 950, ndio unaozalisha sehemu kubwa kuliko chanzo kingine chochote nchini. Nao pia hufanya kazi usiku na mchana, mafuta yake yako chini ya ardhi yetu wenyewe, na mafundi wake ni Wakenya. Lakini usiku wa manane, watu wakilala, mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Jioni serikali hiyohiyo inakiri kwamba kuna maeneo yanayokatiwa stima. Nchi inayomwaga mvuke usiku na kukosa umeme saa mbili haina uhaba wa mitambo mikubwa ya kuwaka saa 24. Ina uhaba wa nyaya, stesheni za kugawa umeme, na betri za kuhifadhi wa mchana kwa ajili ya jioni. Mtambo wa jua wa Langobaya, Malindi, una megawati 40, lakini magharibi ikiingia nao unapumzika.

Kuhusu nyaya, tumeshalipa karo ya somo hilo. Mitambo 365 ya upepo kule Turkana ilikuwa imesimama tayari 2017, na laini ya kuusafirisha umeme ikakamilika 2018. Mwekezaji alilipwa fidia kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja.

Najua jamaa walioko Abu Dhabi watanitajia Barakah. Mashallah, ni kazi kubwa: vinu vinne, megawati 5,600, vinatoa karibu robo ya umeme wa Imarati. Lakini gridi yao ni kubwa mara kadhaa kuliko yetu, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa serikali ya Abu Dhabi yenyewe. Misri, ambayo haina akiba kama hiyo, ilichukua mkopo wa dola bilioni 25 kutoka Urusi kwa ajili ya El Dabaa. Gharama iliyotajwa ya kinu chetu ni kama shilingi bilioni 500, na vinu hivi havina desturi ya kukamilika kwa bei wala kwa wakati. Ufini ilianza kujenga Olkiluoto 3 mwaka 2005, ikaanza kutoa umeme wa kawaida 2023. Hiyo ni Ufini.

Wavuvi wa Uyombo waliambiwa wanapinga kwa kutoelewa. Waliuliza kuhusu maji ya bahari yanayopoza mtambo kisha kurudishwa yakiwa na joto, karibu na mikoko ya Mida na hifadhi ya Watamu, na kuhusu ardhi ambayo wengi wa Pwani wanaishi juu yake bila hati. Hayo ni maswali ya watu wanaoelewa.

Wabunge wetu wasinyamaze kwa kuwa mradi umehamia ziwani. Waiulize Wizara ya Kawi kwa maandishi: gridi itakuwa na megawati ngapi siku kinu kitakapowashwa, na kikizima saa mbili usiku, ni mtambo upi utakaoshika nafasi yake? Watu wa Siaya nao wapewe jibu hilo kabla mashamba yao hayajapimwa.