Bi harusi, mtihani wa kuongea Kiingereza haupasiwi kwa kukariri



Kuna gauni la harusi lilining'inia dukani kwangu miezi mitatu. Nilishalimaliza, hadi lulu za mikononi. Kila nikimpigia mwenyewe ananambia, "Dada, bado." Ndoa imeshafungwa, mume yuko Uingereza, sherehe inangoja viza, na viza imekwama kwa sababu bibie kafeli mtihani wa Kiingereza Dar es Salaam.

Siku aliyokuja nikamkalisha karibu na cherehani, nikamuuliza kilichomshinda. Akanambia mwalimu wake alimpa kurasa nne za maelezo kuhusu familia yake, akazihifadhi neno kwa neno. Mtahini akamuuliza nyumbani anapenda kupika nini. Yeye akaanza kumtaja baba, mama na ndugu zake sita. Tulicheka, kisha akalia.

Hapo ndipo nilipoona niandike. Mimi sina shahada. Nimesoma skuli hadi sekondari, nikaenda kusomea ushoni, na Kiingereza changu nimekipata kwa kuwauzia wageni. Lakini naamini tunawakosea mabinti zetu tunapowafundisha kukariri badala ya kuongea. Jibu la kukariri ni kama gauni la kuazima, likivutwa kidogo tu linapasuka.

Kwanza ujue unakwenda kukutana na nini. Kwa viza ya kumfuata mume Uingereza, ngazi ya kuanzia ni A1, ya chini kabisa, na kinachopimwa ni kuongea na kusikiliza tu. Mmoja wa mitihani inayokubaliwa ni IELTS Life Skills. Mnaingia watahiniwa wawili mbele ya mtahini mmoja, dakika 16 hadi 18, na matokeo ni kupasi au kufeli. Insha hakuna. Mambo yanayoulizwa ni ya maisha yako: familia, kununua vitu, afya, kazi, nyumba, usafiri, hali ya hewa. Nani kati yetu hajui kuhadithia bei ya samaki?

Anza na herufi za jina lako, maana huenda ukaambiwa uzitaje, na hapo wengi wetu tunateleza. Herufi A kwa Kiingereza inaitwa "ei", E inaitwa "ii", na I inaitwa "ai". Ukizitaja kwa Kiswahili, mtahini anaandika jina la mtu mwengine. Fanya zoezi hilo kila siku, jina lako na la mtaa wako.

Pili, usijibu kwa neno moja. Ukiulizwa kama unapenda kupika, sema ndio, taja chakula, kisha sema kwa nini au unampikia nani. Sentensi mbili tatu fupi na sahihi zinakutosha.

Tatu, kama hukusikia, uliza. "Sorry, can you say that again, please?" Sentensi hii moja ihifadhi, nimekuruhusu. Kuomba urudiliwe hakukufelishi. Kunyamaza ndiko kunakokuangusha, maana mtahini hawezi kukupa alama za kimya. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Nne, msikilize mwenzako. Utatakiwa uzungumze naye, umuulize na umjibu. Kwa hiyo fanya mazoezi na mtu, si na kioo. Mtafute shoga au wifi, kaeni nusu saa kila siku, muulizane kwa Kiingereza tu. Na ule wakati wa kuzungumza na mume kwa simu, mwambie robo saa iwe ya Kiingereza. Yeye ndiye wa kwanza kufaidika.

Najua kuna wanaoona haya, hasa ikiwa mtahini au mwenzako ni mwanamume. Mavazi yako ya stara hayakuzuii. Kama unavaa niqabu, uliza mapema, kabla ya siku yenyewe, ili uso wako uangaliwe faraghani na mwanamke. Lakini haya si ububu. Bibi Aisha, Allah amridhie, aliwasomesha wanaume na wanawake, na heshima yake haikupungua. Omba ile dua ya Nabii Musa ya kufunguliwa fundo la ulimi, kisha ufungue mdomo.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Somo anakufundisha mambo ya nyumba, mama anakufungia sanduku, fundi anakushonea. Sauti unaijenga mwenyewe. Ukipasi kwa bahati, bado utafika mji usio na mama wala jirani. Utakwenda kwa daktari na mimba yako, na mume yuko kazini. Nani atakusemea? Na viza ikifika wakati wa kuongezwa, utatakiwa A2. Usisomee karatasi basi, somea siku ile utakapokuwa peke yako.

Yule bibie alirudia baada ya wiki saba za kuzungumza na dada yake jikoni. Alipasi, alhamdulillah. Gauni tulilipunguza kiunoni kidogo, maana mawazo yalimkondesha, akalivaa.

Kama una binti anayengoja safari, usimnunulie kurasa za kukariri. Leo usiku muulize kwa Kiingereza amekula nini, na umngoje ajibu.