Mzamiaji huandika kabla ya kuinua

Mimi ni mtoto wa bara. Sijawahi kubeba mtungi wa hewa mgongoni, na bahari nimeiona katika picha tu. Lakini kuna meli moja iliyozama ambayo ningependa kila mwanafunzi wa fakulte yetu aijue kabla hajaenda kijijini kukusanya maneno.

Ni Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno. Mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira Fort Jesus, ngome ya Wareno huko Mombasa. Meli hiyo ilitumwa kutoka Goa kuwaokoa waliozingirwa, na mwaka 1697 ikazama chini ya ngome yenyewe. Mwaka uliofuata ngome nayo ikatekwa.

Ilikaa chini ya maji miaka 280 hivi, hadi wanaakiolojia walipoichimba kati ya 1977 na 1980. Maji ya Mombasa ni ya uvuguvugu, lakini kazi yenyewe si matembezi. Hewa ya mtungi huisha. Kadiri mzamiaji anavyokaa chini, ndivyo naitrojeni inavyozidi kuingia katika damu yake. Akipanda kwa haraka inageuka mapovu mwilini, na anaweza kupooza au kufa. Hata hivyo, katika uchimbaji wa namna hii dakika hizo chache haziendi katika kuokota. Mzamiaji hupima, huchora, huandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki: chungu hiki kililala wapi, kando ya nini, chini ya nini. Ndipo kinainuliwa. Chungu kisicho na maandishi hayo ni chungu tu. Chenye maandishi kinaweza kutuambia kama kilikuwa cha mpishi au cha askari.

Na mwili wa meli hawakuupandisha. Waliupima, wakauchora, kisha wakaufunika tena kwa mchanga palepale.

Maneno nayo ni hivyo. Chukua neno gereza. Linatoka kwa Kireno, igreja, maana yake kanisa. Ukilikuta peke yake katika orodha, utasema aliyeandika amekosea: kanisa na jela wapi na wapi? Lirudishe mahali pake. Ndani ya ngome ya Wareno mlikuwa na kanisa. Jina la kanisa likaenea kwa ngome, na ngome ni mahali pa kufungia watu. Sisi hapa Lubumbashi twasema mtu yuko buloko, kwa Kifaransa bloc, na neno hilo pia lina safari yake.

Sasa niungame. Mwaka jana nilikwenda Kasenga, kando ya Luapula, nikarudi na daftari lililojaa maneno ya wavuvi. Nilijisifu. Nilipoanza kuyapanga nikakuta maneno matano, na mbele ya kila moja nimeandika "wavu". Wavu gani? Wa samaki gani, wa msimu gani, unatupwa au unategwa? Mzee aliyenieleza alijua. Mimi sikuandika, na mzee huyo sasa hayupo tena.

Wenzangu watasema nauli ni ghali na siku za utafiti ni chache. Ni kweli. Lakini mzamiaji ana muda mdogo kuliko sisi, na bado anaandika kwanza.

Kwa hiyo naomba fakulte isipokee tena orodha tupu. Kila neno lije na sentensi yake, na kijiji chake, na umri na kazi ya aliyelisema. Na kama ni jina la kitu, lije na mchoro wa kitu hicho. Na nakala moja ya daftari ibaki kijijini. Lugha ni ya wale wanaoisema. Sisi tunashuka kuitazama tu. Afadhali maneno thelathini yenye mahali pake kuliko mia tatu yaliyong'olewa.