Ondoeni Pedi ya Wino Mezani

Na Ng'wana Shija

Jumanne nilikuwa Ushirombo, kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi ambayo sitaitaja. Mpaka naandika hapa hasira haijaniisha.

Mama mmoja aliitwa mezani. Alikuwa ametoka kuuza ugali kwa wachimbaji wa maduarani, kitenge bado kinanuka moshi. Asubuhi nilikuwa nimemwamkia "Mwangaluka, mayo", tukazungumza mengi. Kisukuma kinamtiririka; Kiswahili chake ni cha bei na chenji. Mwalimu akafunua daftari la mwanawe wa darasa la tatu, akaeleza haraka haraka: mtoto hajaimudu KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), kazi za nyumbani hazifanyiki. Mama akawa anaitikia kwa kichwa. Mwalimu alipoona haeleweki, akamgeukia mtoto: "Mtafsirie mama yako."

Mtoto wa miaka tisa akasimama katikati ya watu wazima wawili na kutangaza kushindwa kwake mwenyewe. Hakuficha kitu. Alisema kwamba hajui kusoma, sauti ikizidi kuzama. Ndipo mwalimu akaongeza: "Mwambie hajali. Mzazi anayejali hukaa na mtoto wake wakasoma."

Mtoto akanyamaza. Akamtazama mama yake, kisha akamwambia kwa Kisukuma kwamba mwalimu anamshukuru kwa kuja. "Wabeja, mayo."

Mama uso ukamng'aa. Akasogezewa pedi ya wino, akagonga dole gumba kwenye fomu ya michango ya chakula. Hiyo nayo hakusomewa.

Wanaonisoma kila wiki wanaujua ugomvi wangu na pedi ya wino. Leo nauongeza ukali: shule inayomwita mzazi ikiwa haina cha kumpa zaidi ya wino wa kidole haina haki ya kusema wazazi hawafuatilii. Asome naye nini, na nani alimfundisha?

Wamisionari wa Afrika walifungua misheni hapa Ushirombo mwaka 1891. Mwenzao mmoja, Padre Capus, aliisoma lugha ya wenyeji hadi akaandika sarufi ya Kisumbwa, ikachapishwa 1898. Mgeni aliona aibu kumfundisha mtu asiyeelewana naye. Sisi tumemtwika mtoto kazi ya kutafsiri.

Wala kuwafundisha wazazi kusoma si jambo geni kwetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kanda hii ya ziwa ilikuwa tayari na mradi wa kisomo wa UNESCO, makao yake Mwanza, na wakulima walijifunza herufi kwa vitabu vya kilimo cha pamba. Jioni madarasa ya watoto yaligeuka madarasa ya wazazi, na vijana waliomaliza darasa la saba walishika chaki pamoja na walimu. Nchi ambayo mwaka 1967 watu wazima wapatao saba katika kumi hawakujua kusoma, ilifika 1986 ikiwa imebaki na mmoja hivi katika kumi. Kisha tukalegea, basi.

Nataka darasa hilo lirudi, na safari hii mama akae dawati moja na mwanawe, saa tisa alasiri, siku mbili kwa wiki. Waanze na jina la mtoto, kisha ujumbe wa muamala wa simu, kisha ile fomu ya chakula. Maelezo yawe kwa Kisukuma au Kisumbwa, herufi kwa Kiswahili. Halmashauri ina ofisa wa elimu ya watu wazima. Vijana waliomaliza kidato cha nne wamejaa vijiweni, na walimu waliochoka watapata msaada hapo.

Na wewe mwalimu, mama yule aliondoka akikushukuru. Ulichomwambia hakijui hadi leo. Tunakijua mimi, wewe na mwanawe.