WINCHI MBILI, AMRI MOJA

Itetemia, karibu na mji wa Tabora, ndiko alikotawala Isike, Mtemi wa Unyanyembe, hata mwaka 1893 alipojilipua kwa baruti ndani ya boma lake asitekwe na Wajerumani. Katika njia ile ya misafara kila mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi. Pembe ya ndovu iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti, wakaibeba wawili. Na wawili hao walijua kuwa asiyekwenda sawa na mwenziwe humtupia uzito.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Juu yake ilipita meli nzima, ambayo baadaye iliitwa Liemba, ikiwa vipande vipande katika makasha yapatayo 5,000. Siku hizi vichwa vya treni na transfoma za umeme huja vizima, na mara nyingi meli huviinua kwa winchi mbili pamoja.

Hapa ndipo penye neno. Wako wanaodhani kwamba winchi mbili za tani 50 ni sawa na moja ya tani 100. Sivyo hata kidogo. Mzigo wa tani 90, ambao kitovu cha uzito wake kiko mita 4 kutoka kulabu moja na mita 6 kutoka ya pili, huipa ile ya karibu tani 54 na ya mbali tani 36. Ya kwanza imekwisha kuzidiwa, ingawa karatasi zinasema salama. Fundi mmoja akivuta haraka kuliko mwenziwe, hesabu huharibika zaidi. Na mzigo ukitoka nje ya ubavu, meli nayo hulala upande huo, isipokuwa maji ya matangi yake yamehamishwa kuisawazisha.

Sisi watu wa visiwani karibu kila kizito hutujia kwa bahari. Kwa hiyo twawaomba wakuu wa bandari, Unguja, Pemba na Bara, wasiruhusu kazi hii bila hesabu iliyoandikwa, wala pasipo mtu mmoja wa kuziamuru winchi zote mbili. Mtu huyo asiwe mkubwa aliyekuja kutazama. Wakubwa wapaza sauti gatini tumewaona. Amri ya kusimamisha peke yake ndiyo iwe ya kila mtu, hata hamali.